Mtindi wa nyumbani kwa mtoto: chemsha maziwa kwanza

Maziwa yakibaki jioni, nyumba nyingi haziyamwagi. Yanafunikwa, yanawekwa pembeni, na kesho yake yanakutwa yameganda. Ndivyo walivyofanya bibi zetu na ndivyo wengi wetu tunavyofanya mpaka leo, tukiyaita mtindi, maziwa mgando, maziwa lala au mala, kutegemea tulikozaliwa. Mtoto anayeanza kula huyapenda. Ni laini, hayahitaji meno, na yanashuka vizuri hata siku ambayo hana hamu ya chakula kingine.

Hapa tunaeleza namna ya kutengeneza mtindi na yogati nyumbani kwa sufuria, jiko na blanketi, bila mashine yoyote. Lakini kabla ya kufika kwenye sufuria, kuna swali moja ambalo tunakuomba ulikumbuke kila mara mtoto anapopewa mtindi, uwe wa kwako, wa jirani au wa muuzaji anayepita na ndoo: maziwa haya yalichemshwa kabla ya kugandishwa?

Kama jibu ni hapana, au kama hujui, usimpe mtoto. Na wewe mwenyewe kama una mimba, usinywe.

"Kwani uchachu hauui vijidudu?"

Hili ndilo jibu tunalolisikia mara nyingi, na lina ukweli nusu. Maziwa yanapoganda, bakteria wazuri hula sukari iliyomo kwenye maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu, na ndiyo inayoyafanya maziwa yawe mazito. Ni kweli pia kwamba vijidudu vingi vinavyoozesha chakula havikui vizuri penye uchachu. Ndiyo maana mtindi hukaa muda mrefu kuliko maziwa mabichi, na ndiyo maana jamii za wafugaji zimehifadhi maziwa kwa njia hii tangu zamani: Wamasai kwenye vibuyu vyao, Wakalenjin na mursik yao.

Ila kijidudu kushindwa kukua ni jambo moja, na kufa ni jambo jingine. Vijidudu vya magonjwa yanayotoka kwa ng'ombe vinaweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyoganda kwa siku kadhaa, na mtindi wa nyumbani huliwa kesho yake tu. Vikiwa bado vipo, vinaingia tumboni pamoja na kijiko.

Magonjwa hayo ni yapi? La kwanza ni brusela, ambalo wafugaji hulijua kama ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu, maumivu ya viungo na ya mgongo, na huweza kuendelea kwa wiki au miezi. Kwa mama mjamzito linaweza kusababisha mimba kuharibika. Tatizo lake kubwa hapa kwetu ni kwamba linafanana sana na malaria. Mtu anameza dawa za malaria, homa inatulia kidogo, inarudi, anameza tena.

La pili ni kifua kikuu cha ng'ombe. Kikiingia kwa njia ya maziwa, mara nyingi hakianzi na kikohozi kama tulivyozoea. Kinaweza kuvimbisha tezi za shingoni au kushika tumbo, na kwa mtoto hali hiyo huchelewa kugundulika.

La tatu ni kuhara kunakotokana na vijidudu vya kinyesi cha ng'ombe. Hata ng'ombe aliye mzima kabisa hulala chini, na kiwele chake hugusa kinyesi. Mkamuaji msafi hupunguza uchafu huo lakini hawezi kuuondoa wote.

Magonjwa yote haya yana dawa moja ya kuyazuia nayo ipo jikoni kwako tayari. Maziwa yakichemka mpaka yakapanda, vijidudu hivi vinakufa.

Kwa nini bibi hakutaka kuchemsha

Ukimwambia mtu mzima achemshe maziwa kabla ya kuyagandisha, anaweza kukuambia: "Mwanangu, maziwa yaliyochemshwa hayagandi, yanaoza." Tafadhali usimcheke, kwa sababu yuko sahihi.

Maziwa mabichi hujigandisha yenyewe kwa sababu ndani yake kuna bakteria wa kila aina, wakiwemo wale wazuri wa uchachu. Ukichemsha unawaua wote, wabaya kwa wazuri. Maziwa hayo yakiachwa wazi mezani, wa kwanza kuingia watakuwa vijidudu vyovyote vilivyomo hewani, kwenye kijiko au mkononi, na mara nyingi si vile tunavyovitaka. Matokeo yake ni maziwa yanayonuka, yenye mabonge na maji, yenye ladha chungu. Bibi alijaribu mara moja, akaona hasara, akarudi kwenye maziwa mabichi.

Kilichokosekana ni chachu. Baada ya kuchemsha na kupoza, unatakiwa uwarudishe bakteria wazuri wewe mwenyewe, kwa kuweka vijiko viwili vya mtindi mwingine ulio salama. Wao wakiwa wengi tangu mwanzo, hao wageni wa hewani hawapati nafasi. Kazi yote ya kutengeneza mtindi ni hiyo: kuua wote, kisha kuwarudisha wale unaowataka.

Chachu utaipata wapi

Nenda dukani ununue pakiti au kikopo kidogo cha mtindi au yogati isiyo na ladha ya matunda wala rangi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na uhakikishe imekaa kwenye friji la duka. Ile iliyopangwa kwenye rafu yenye joto mara nyingi bakteria wake wamekufa au wamechoka. Kuna na nyingine hupashwa moto kiwandani baada ya kuganda ili zikae muda mrefu. Hizo hazifai kwa chachu kwa sababu hazina tena kilicho hai.

Usichukue chachu kwenye mtindi wa maziwa mabichi, hata kama ni mtamu kiasi gani. Ukifanya hivyo umechemsha bure: umeviua vijidudu kwenye sufuria, kisha umevirudisha kwa kijiko.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, na ndilo linalofanya watu washindwe mara ya kwanza. Mtindi na yogati havigandishwi na bakteria walewale. Bakteria wa yogati hupenda joto kali kidogo, karibu nyuzijoto 42 mpaka 45, na hugandisha kwa saa chache. Bakteria wa mtindi wa kawaida, au maziwa lala, hupenda joto la chumbani, na kazi yao huchukua usiku kucha na zaidi. Ukichukua chachu ya mtindi ukaiweka kwenye maziwa ya moto halafu ukayafunga kwenye blanketi, huenda ukawadhuru. Na ukiweka chachu ya yogati kwenye maziwa yaliyopoa kabisa, watakaa tu bila kufanya kazi. Kwa hiyo soma pakiti uone umenunua nini.

Namna ya kutengeneza yogati

Tutatumia lita moja ya maziwa. Kama mtoto ni mmoja na huna friji, fanya nusu lita na chachu kijiko kimoja.

Anza na vyombo. Osha sufuria, mwiko, chujio, kijiko na chombo cha kugandishia kwa sabuni, suuza, halafu vimwagie maji yaliyochemka. Osha mikono kwa sabuni pia. Chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko ndoo ya plastiki iliyochubuka, maana ile michubuko huficha uchafu ambao hautoki. Kwa mtoto mdogo, sisi tungeacha kibuyu pembeni kwa sababu hiyohiyo. Tunajua ladha ya kibuyu kilichofukizwa moshi haina mfano, na mtoto akikua ataifaidi, lakini ndani ya kibuyu hapafikiwi na brashi.

Chuja maziwa, yaweke jikoni, na ukoroge mara kwa mara yasishike chini. Yakipanda, punguza moto uyaache yachemke taratibu dakika 5 mpaka 10 huku ukikoroga. Kwa usalama, kule kupanda peke yake kunatosha. Dakika za nyongeza ni kwa ajili ya uzito: moto hubadilisha protini ya maziwa ili yakiganda ishike maji vizuri zaidi. Kama maziwa ya muuzaji wako ni mepesi, na wengine huongeza maji kidogo njiani, koroga vijiko viwili au vitatu vya maziwa ya unga kabla ya kuchemsha.

Ipua, funika, weka sufuria ndani ya beseni lenye maji baridi. Angalia maji yasiingie kwenye maziwa. Kuanzia hapa usiongeze tena maziwa mabichi wala maji ambayo hayajachemshwa.

Subiri yapoe mpaka yawe ya moto wa kustahimilika. Kama una kipimajoto, unatafuta nyuzijoto 43 hivi. Kama huna, chota kidogo kwa kijiko safi na udondoshe tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Safari hii usikie joto zaidi ya lile la mtoto, lakini lisikuchome. Usitumbukize kidole. Yakiwa ya moto mno yataua chachu, na hili ndilo kosa tunalolifanya wengi kwa haraka ya kutaka kwenda kulala.

Weka vijiko viwili vya chakula vya chachu kwenye kikombe, mimina maziwa kidogo ya uvuguvugu, vuruga mpaka mabonge yaishe, kisha rudisha vyote kwenye sufuria na ukoroge taratibu. Usizidishe chachu ukidhani itaharakisha. Ikizidi, yogati huwa chachu sana na yenye maji mengi.

Funika na utunze joto. Njia rahisi ni kuviringisha sufuria kwa kanga mbili na blanketi, ukaiweka kwenye kona isiyo na upepo, au kuiweka ndani ya hotipoti kubwa. Chupa ya chai yenye mdomo mpana nayo hufanya kazi nzuri sana, mradi uisuuze kwa maji ya moto na iwe haina harufu. Yogati yangu ya kwanza ilinukia tangawizi na hiliki, na watoto waliikataa kwa kauli moja.

Acha saa 6 mpaka 8 bila kuitikisa wala kuifunua kila baada ya dakika kumi. Ukiinamisha chombo kidogo na ukaona imeshikana kama uji mzito uliopoa, imekuwa tayari. Ipoze haraka. Ikiendelea kukaa kwenye joto itazidi kuchachuka. Maji ya rangi ya njano yenye ukijani yanayoelea juu si dalili ya kuharibika. Ni maji ya maziwa yenyewe, unaweza kuyakoroga humo humo.

Ukitaka mtindi wa kawaida badala ya yogati, hatua ni zilezile mpaka kuchemsha. Tofauti ni kwamba unaacha maziwa yapoe hadi joto la chumbani, ndipo unaweka chachu ya mtindi, unafunika, na kuyaacha saa 12 mpaka 18. Huhitaji blanketi ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Ukiwa Njombe, Lushoto au Limuru mwezi wa saba, utalihitaji, na pengine utasubiri siku nzima.

Maziwa ya mbuzi hutoa yogati laini na nyepesi kuliko ya ng'ombe. Ya ngamia hayashikani kabisa. Hubaki ya kunywewa, nawe usidhani umekosea. Yote mawili yanahitaji kuchemshwa, kwa kuwa mbuzi na ngamia nao hupata brusela.

Yakikataa kuganda

Kwanza angalia yale ya kawaida: maziwa yalikuwa ya moto mno, au yamepoa mno, au chachu ilikuwa ya zamani. Kama bado ni mapema na joto limepungua, weka sufuria ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, funika, na ungoje saa mbili au tatu zaidi.

Lakini kama umefanya kila kitu sawasawa, chachu ni mpya, na maziwa yamekataa mara ya pili, elekeza macho kwa ng'ombe.

Ng'ombe akiugua kiwele, mara nyingi hutibiwa kwa antibayotiki, na dawa hiyo hutoka kwenye maziwa yake. Kila dawa ina siku zake ambazo maziwa hayatakiwi kuuzwa wala kunywewa, na zimeandikwa kwenye maelekezo ya dawa. Mfugaji asipozisubiri, wewe unanunua maziwa yenye dawa. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa. Bakteria wa yogati ni dhaifu mbele ya antibayotiki, kwa hiyo wanakufa na maziwa yanabaki vilevile. Wapo pia wauzaji wanaotia kemikali ili maziwa yasichachuke njiani, na hayo nayo huigomea chachu.

Hili lilinitokea mimi mwenyewe. Mara tatu mfululizo yogati ilikataa, nikalaumu blanketi, nikalaumu chachu, nikalaumu hata jiko. Nilipochukua maziwa kwa mtu mwingine iliganda usiku uleule. Nilimuuliza yule wa kwanza, kwa upole, kama ng'ombe wake alikuwa na shida. Akasema alichomwa sindano ya kiwele wiki ile. Hakuficha, hakuwa anajua kama ina ubaya wowote. Wakati huo nilikuwa nimeshampa mwanangu maziwa yaleyale kwenye uji kwa siku nne.

Kwa hiyo muulize muuzaji wako. Si lazima iwe ugomvi. "Ng'ombe wote wazima? Hakuna aliyechomwa sindano?" Mfugaji anayejali atakujibu, na anayekasirika kwa swali kama hilo, ni bora ujue mapema. Maziwa uliyoyashuku usimpe mtoto kwa njia nyingine yoyote.

Mtoto aanze lini

Kabla ya miezi sita, mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Si mtindi, si yale maji ya juu ya mtindi, wala maji ya kunywa. Kama kuna sababu ya kiafya inayokuzuia kunyonyesha, zungumza na mhudumu wa kliniki kuhusu kinachofaa badala yake. Mtindi haufai.

Baada ya miezi sita, mtindi au yogati ya maziwa yaliyochemshwa inaweza kuwa moja ya vyakula vyake. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chai, mara moja kwa siku, ukiwa mtupu bila sukari. Mtoto akikunja uso usishtuke, uchachu ni ladha mpya kwake. Siku ya pili au ya tatu changanya na papai lililopondwa, ndizi mbivu, parachichi au kiazi lishe. Unaweza kuuchanganya kwenye uji pia, ila subiri uji upoe kidogo, kwani moto huua bakteria wazuri na kuukata mtindi. Ukitaka kuongeza karanga, ziwe zimesagwa laini kabisa, kwa sababu karanga nzima au vipande humkaba mtoto. Asali usimpe kabla ya mwaka mmoja, hata tone la kuondoa uchachu, kwani inaweza kubeba kijidudu kinacholeta ugonjwa hatari wa kupooza kwa watoto wachanga.

Endelea kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Mtindi ni chakula cha kijiko na haushiki nafasi ya titi.

Mtindi una protini ya kujenga mwili na kalisi ya mifupa na meno. Kikombe cha mililita 250 kina kalisi ya miligramu 300 hivi, na mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu anahitaji miligramu 500 kwa siku kwa mujibu wa mashirika ya FAO na WHO. Utaona hahitaji lita nzima. Tunasema hivi kwa sababu maziwa yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayeshinda na maziwa na mtindi hushiba akaacha maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Mtoto wa namna hiyo huonekana mnene na mwenye afya wakati damu inapungua. Akishavuka mwaka mmoja, vikombe viwili kwa siku vya maziwa na mtindi kwa jumla vinatosha. Na ni vizuri umpe mtindi kati ya milo, maana kalisi nyingi hupunguza kiasi cha chuma ambacho mwili unachukua kutoka kwenye chakula.

Baadhi ya watoto, na watu wazima wengi, wakinywa maziwa matamu tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Hao mara nyingi huvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari ya maziwa na husaidia kumeng'enya iliyobaki. Aleji ya maziwa ni jambo tofauti na zito zaidi. Ukiona vipele vya kuwasha vinatoka ghafla, midomo au macho yanavimba, au anatapika mara baada ya kula, acha kumpa na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, kimbia naye saa hiyohiyo.

Kuhifadhi

Kwenye friji, yogati ya nyumbani inakaa wiki moja kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili sisi tungeishia siku tatu. Chota kiasi anachokula uweke kwenye bakuli lake, usimlishe kutoka kwenye chombo kikubwa, na kilichobaki kwenye bakuli kile wewe. Mate yakiingia kwenye chombo, mtindi wote haufai kuhifadhiwa.

Bila friji, tengeneza kidogo, mpe siku ileile, na unaobaki unywe wewe jioni. Ukiweka chombo kilichofunikwa ndani ya beseni la maji baridi mahali penye kivuli kitapoa kiasi, lakini usikitegemee kwa siku ya pili kwa mtoto mdogo.

Ukungu ukionekana juu, wa rangi yoyote, mwaga wote. Usikwangue sehemu ile tu. Mwaga pia ukiona rangi ya waridi au ya chungwa, povu lenye mapovu ya gesi, utelezi unaovutika kama mlenda, au harufu ya kuoza. Kumbuka tu kwamba vijidudu vya brusela na kifua kikuu havibadilishi rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo pua haiwezi kukuambia kama maziwa yalichemshwa.

Chachu ya safari ijayo ichote mwanzoni kabisa, kabla mtu yeyote hajachovya kijiko. Iweke kwenye kikopo safi ndani ya friji na uitumie ndani ya siku tano hivi. Baada ya kurudia mara nne au tano itaanza kudhoofika au kubadilika ladha. Nunua mpya.

Mtoto akiugua

Mtoto anayeharisha anaweza kuendelea kula mtindi pamoja na chakula chake cha kawaida, lakini mtindi hautibu kuhara. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kila anapoharisha, endelea kumnyonyesha, na upate vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyevuka miezi sita, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma. Mpeleke haraka ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, analegea au haamki vizuri, anatapika kila kitu, anashindwa kunyonya au kunywa, au anapata degedege.

Na kama mtoto, au wewe mwenyewe, ana homa inayorudi mara kwa mara na kipimo cha malaria kinaonyesha hakuna malaria, mwambie daktari au muuguzi kama mmekuwa mkinywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa ambayo hayakuchemshwa. Mara nyingi hawaulizi. Kipimo cha brusela kipo, na ugonjwa huu unatibika kwa dawa zinazotumika wiki kadhaa bila kukatiza, lakini lazima mtu aufikirie kwanza. Taja pia kama nyumbani kuna ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba hivi karibuni.